Jina la Baba Daftarini

Mtu akiniuliza tena, "Wewe mwanamke uliwezaje kuoa mwanamke?", nitamrushia mchi, na asije akalia. Nimeulizwa na mwalimu. Nimeulizwa na karani. Nimeulizwa na mzungu mwenye magoti mekundu. Juzi nimeulizwa na mtoto wa jirani, ambaye mama yake alikula nyama kwenye harusi yangu mpaka akalegeza nguo kiunoni. Siku ile nilipooa hakuna mtu hapa Amaogwu aliyeuliza kitu. Walikuja, wakala, wakanywa, wakabeba na mabaki kwenye majani ya mgomba. Leo wote wamepigwa na butwaa, utadhani nilioa kwa kificho.

Haya. Nasema mara moja tu, anayetaka kusikia asikie.

Naitwa Ihuaku. Mume wangu alikuwa Okoroji, mtu mpole, mkulima wa viazi vikuu, na boma lake lilikuwa pale juu kilimani, kando ya barabara. Barabara hiyohiyo ndiyo iliyomuua. Wazungu walipoanza kuikata walikamata wanaume kwa zamu, na kwenye zamu ya Okoroji mti ukamwangukia. Wakaniletea maiti na panga lake. Hatukuwa na mtoto. Na boma lisilo na mtoto wa kiume, hata mjinga anajua linakokwenda: linakwenda kwa ndugu wa marehemu, na jina la mwenyewe linafutika, hakuna wa kulitaja siku ya kuwamiminia wafu mvinyo. Mimi sikukubali Okoroji afutike. Nililia, nikamaliza matanga, nikafanya biashara miaka minne, kisha nikafanya walichofanya wanawake wenye uwezo tangu enzi za bibi wa bibi yangu. Nikatafuta mke.

Uwezo nilikuwa nao. Nilikuwa nauza mawese na chumvi kwenye gulio la Nkwo, na ghala langu la viazi vikuu lilijaa kuliko maghala ya wanaume fulani ambao sitawataja, ingawa wanajijua. Nikaenda kwa wazazi wa Udumma na mbuzi, na vibuyu vya mvinyo wa mchikichi, na kila kilichotakiwa. Ezeala, mdogo wa marehemu, ndiye aliyevunja kola, ile kokwa ya heshima, na kumimina mvinyo chini akiwaita waliotangulia, maana hilo mwanamke halifanyi hata awe tajiri vipi. Mwanawe Ezeala, kijana mmoja anaitwa Nwaneri, ndiye aliyemburuta mbuzi njia nzima. Udumma akapewa kikombe cha mvinyo ampelekee anayemwoa. Akaonja, akazunguka nacho akijifanya hamwoni anayemtafuta, wasichana wakamcheka, mwishowe akaja kupiga magoti mbele yangu na kunipa. Nikakinywa chote. Basi, nimeoa. Gumu liko wapi hapo?

Mtoto atakayezaliwa na Udumma ni wa nyumba iliyotoa mahari, yaani nyumba ya Okoroji. Nani alimpa mimba si habari ya mtu. Lakini kwa kuwa siku hizi hamna adabu na mtaniuliza tu, alikuwa Nwankpa, mgema, jirani yetu, mcheshi, mwenye mke wake na watoto wake sita. Tulikubaliana naye. Mkewe alijua, na aliniambia afadhali apunguziwe kelele nyumbani. Mtoto wa kiume alipozaliwa, Nwankpa alikuja kumtazama kama wageni wengine, akasema ana masikio makubwa, akaenda zake kugema. Mimi nikampa mtoto jina la Obiechina, kuomba lango la Okoroji lisifungwe.

Mpaka hapo hakuna tatizo hata moja. Matatizo yalikuja na shule.

Shule waliileta watu wa misheni, kule bondeni, mahali ambapo mvua ikinyesha watoto wanasoma miguu ikiwa majini. Na mwalimu wake nani? Nwaneri! Yuleyule wa mbuzi. Baba yake Ezeala alikuwa ameshakufa, na yeye alikuwa amekaa misheni miaka mitano, akarudi anaitwa Lazaro, amevaa viatu, anaongea polepole kama mtu anayetafuna mfupa wa samaki.

Sikuwa na ugomvi na shule. Mimi mwenyewe ndiye niliyetaka mtoto asome. Kila siku mahakama ilikuwa inatuletea makaratasi, na ukipata karatasi huna budi kumpelekea karani akusomee, naye anakusomea anachotaka yeye. Nimeshuhudia watu wakisomewa faini ambazo karatasi yenyewe haizijui. Nikasema hapana, nyumba yangu itakuwa na msomaji wake. Obiechina alipofika miaka minane nikampaka mafuta mpaka akang'aa, nikamshika mkono, nikashuka naye bondeni.

"Karibu, Mama Mkubwa," akasema Lazaro. Akafungua daftari kubwa, akachovya kalamu. "Jina la mtoto?"

"Unalijua. Umembeba mgongoni huyu."

"Lazima niulize. Ndio utaratibu."

"Obiechina."

Akaandika. "Jina la baba?"

"Okoroji."

Akaweka kalamu chini. "Mama Mkubwa, Baba Mkubwa Okoroji ana miaka kumi na minne kaburini. Mtoto ana minane."

"Kwani nimesema yuko hai?"

"Sasa mtu aliyekufa atazaaje?"

"Nani amekuambia amezaa? Nimekuambia ndiye baba. Mtoto ni wa nyumba yake."

"Daftari linataka mwanamume aliye mume wa mama wa mtoto."

"Ohoo, kumbe ni hilo tu? Basi niandike mimi. Mimi ndiye niliyemwoa."

Watoto kwenye mabenchi wakaanza kucheka. Lazaro akawatolea macho, kisha akainama kwangu, akapunguza sauti. "Mama Mkubwa, usinitie matatani. Mwanamke hawi baba. Kasisi anakuja kukagua daftari hili kila baada ya miezi mitatu. Akikuta jina la mwanamke hapa, kazi sina."

"Lazaro. Ulimburuta mbuzi wa harusi yangu kwa mikono hiyohiyo inayoshika kalamu. Ulikula mguu wake mzima, na mama yako akakugombeza."

"Siku zile nilikuwa gizani."

"Ilikuwa mchana kweupe! Jua lilikuwa utosini!"

Alifunga daftari taratibu, kwa heshima zote, na heshima zake ndizo zilizonichefua zaidi. Mtu akikutukana unajua la kufanya. Huyu alikuwa ananiita Mama Mkubwa huku ananifukuza. Nikarudi na mtoto wangu kilimani, mafuta yote yamekauka kwa vumbi.

Mara ya pili nilikwenda na jogoo. Lazaro akachukua jogoo, akashukuru sana, akaniambia utaratibu ni uleule. Nikamwambia basi nirudishie jogoo. Akaniambia jogoo amekuwa wa misheni. Niliongea siku ile! Niliongea mpaka wanawake waliokuwa wanachota maji mtoni wakatua mitungi yao wakaja kusikiliza.

Mara ya tatu sikuenda mimi. Nilirudi kutoka gulioni nikaambiwa Obiechina hayupo, nikamtafuta, nikamkuta bondeni, nje ya shule, amesimama dirishani. Wenzake ndani wanaandika kwenye vibao. Yeye anachungulia, kisha anainama anaandika kwa kidole kwenye udongo wa ukutani, anachungulia tena. Ukuta mzima ulikuwa umejaa alama zake. Hakunisikia nilipofika. Nilisimama pale nikaona aibu, sijui nilimwonea aibu nani, na hasira zikaniishia miguuni.

Jioni nikawaita Udumma na Nwankpa, nikawaambia nimechoka. Kama Lazaro anataka jina la mwanamume hai, tumpe jina la Nwankpa, tumalize.

Nwankpa akacheka mpaka akakohoa. "Niandikeni! Wameshaniandika kwenye daftari la barabara, wakaniandika kwenye daftari la kubeba mizigo ya wazungu. Angalau hili halina sururu."

Udumma hakucheka. Udumma si mwongeaji, mimi ndiye ninayeongea kwa ajili ya nyumba yote. "Mume wangu," akaniambia mimi, "usikubali."

"Kwa nini?"

"Sijui kwa nini. Roho yangu haitaki."

"Roho yako haitaki nini? Ni wino, Udumma. Wino uliwahi kumwoa nani? Ezeala alivunja kola, akamimina mvinyo, ukoo mzima ukaona. Wewe ulinipigia magoti mbele ya watu. Nani ataondoa hayo kwa kalamu?"

"Basi kama haina maana, kwa nini wanaing'ang'ania hivyo?"

Swali hilo nilipaswa kulisikiliza. Badala yake nikamwambia akaangalie supu isiungue.

Hapo ndipo nilipokosea, na nalisema kwa mdomo wangu kabla hamjalisema nyinyi nyuma ya migongo yetu. Kwetu, kusema fulani ndiye aliyempa mimba fulani ni kusema jana mvua ilinyesha. Hakumpi mtu mtoto, hakumnyang'anyi mtu mtoto. Mtoto ni wa mwenye mahari, basi. Nilidhani Lazaro ananiuliza jambo dogo, tena la kijinga, la nani alilala kwa nani. Nikaona kama upuuzi huo ndio anaoutaka, na autwae. Sikujua kwamba kwao lile dogo ndilo kila kitu, na lile letu kubwa hata nafasi ya kuliandikia haipo.

Nikashuka bondeni, nikabonyeza dole gumba langu kwenye wino, nikalibandika kwenye daftari. Lazaro akapuliza ukurasa ukauke. "Umeona, Mama Mkubwa? Rahisi tu." Akamwita mtoto, akamwambia kuanzia Jumapili atakuwa na jina la ubatizo, maana bila hilo hakuna kukaa benchini. Wakamwita Josia.

Wiki ya kwanza haijaisha, Obiechina akarudi viganja vimevimba.

"Umefanya nini?"

"Mwalimu aliita Josia Nwankpa. Sikujibu."

"Kwa nini hukujibu?"

"Sikujua ni mimi."

Loo! Niliteremka kile kilima kwa kasi ambayo sikuwa nayo tangu usichana. Nilimkuta Lazaro anafuta ubao, nikamwambia mbele ya watoto wote kwamba akimpiga tena mwanangu kwa jina lisilo lake nitamvua hivyo viatu nimpige navyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama Mkubwa, atazoea."

Na kweli alizoea. Mtoto huzoea chochote. Kila asubuhi wanasimama mstari, mikono ubavuni, visigino pamoja, wanaitwa mmoja mmoja, na anayejibu kwa sauti ya chini anachapwa. Obiechina akawa anajibu kuliko wote. Ukiwa gulioni upepo ukivuma vizuri unamsikia. Baada ya mwaka akawa anasoma. Baada ya miwili watu walikuwa wanatoka vijiji vya ng'ambo na makaratasi yao, wanamtafuta mtoto wangu awasomee, na karani wa mahakama akaanza kuninunia njiani. Nilivimba kichwa, sifichi. Na ili asije akapotea, kila jioni nilikuwa namuuliza, "Wewe nani?" naye ananijibu bila kufikiri, "Obiechina wa Okoroji wa Nwigwe, wa Amaogwu." Hakukosea hata siku moja. Nikaona hakuna kilichoharibika.

Ndipo misheni wakachoka na maji ya bondeni. Walitaka shule mpya na kanisa, mahali pa juu, karibu na barabara. Mahali pa juu karibu na barabara ni pale kwangu. Lazaro akawaandikia kwamba wasihangaike, kile kilima ni urithi wake: baba yake mkubwa alikufa bila mtoto, urithi ukaenda kwa baba yake Ezeala, na Ezeala alipokufa ukaja kwake. Atawapa bure, kwa ajili ya Mungu.

Alikuja kunieleza mwenyewe. Akakalia kigoda cha Okoroji.

"Mama Mkubwa, hatukufukuzi. Tutakujengea nyumba nzuri nyuma ya kanisa, wewe na Udumma. Mtakuwa mnawasikia watoto wakiimba."

"Toka."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria. Boma hili lina mwenyewe, naye ni Obiechina. Toka."

Lazaro akanitazama kwa huruma. Huruma! Mimi! "Obiechina ni mtoto wa Nwankpa, Mama Mkubwa. Imeandikwa. Uliweka dole gumba."

Nikamtazama Udumma aliyekuwa anatwanga pale uani. Aliacha kutwanga, akaniangalia, hakusema "nilikuambia." Angesema ningepata mtu wa kugombana naye.

Kesi ilisikilizwa siku ambayo Bwana DC mwenyewe alikuwa amekuja kukagua mahakama. Alikuwa kijana, mwekundu shingo na magoti, anatoka jasho, anaandika kila kitu. Pembeni yake Karani Wilcox, mtu wa mtoni huko, si wa kwetu, ndiye aliyetafsiri. Na upande wa pili alikaa Chifu Okeugo na kofia aliyopewa na serikali. Kwetu hapakuwa na machifu. Wazungu walifika wakauliza mfalme wenu nani, na Okeugo alikuwa amekaa karibu.

Lazaro akaeleza, kwa adabu kama kawaida yake. Akaleta daftari. Karani akasoma: "Josia Nwankpa. Baba, Nwankpa, mgema. Alama ya dole gumba ya Ihuaku, mwanamke, jirani."

"Jirani!" nikapiga kelele. "Jirani ya nani? Nani ameandika jirani?"

"Nilikosa neno lingine la kuandika," akasema Lazaro, macho chini.

"Mwanamke, hili ni dole lako au si lako?" akauliza karani.

"Ni langu. Lakini—"

"Amekubali," karani akamwambia mzungu.

"Sijakubali! Nimesema ni dole langu! Nilikuwa nataka mtoto asome, mwalimu akataka jina, nikampa jina. Mtoto ni wa Okoroji. Mimi ndiye niliyemwoa mama yake, kwa mahari, kwa kola, kwa mvinyo. Ukoo wote upo hapa, waulize!"

Karani alitafsiri. Mzungu akaweka kalamu, akauliza, na karani akanigeuzia swali lilelile mnalolijua. Mwanamke aliwezaje kuoa mwanamke.

Nikamgeukia Okeugo. "Chifu, mwambie huyu. Wewe unayo heshima ya kofia, mwambie. Mama yako aliolewa na nani?"

Watu wote wa Amaogwu walikuwa wanajua. Mama yake Okeugo alioa... aliolewa na Ahudiya, bibi mmoja tajiri wa chumvi, mwanamke kama mimi. Ona, hata mimi wameshanichanganya ulimi. Mashamba yote ya Okeugo, na kiwanja cha nyumba yake ya bati, alirithi kwa Ahudiya.

Chifu akarekebisha kofia. "Hayo yalikuwa mambo ya zamani."

"Ya zamani? Nyumba yako ya bati umeijenga juu ya nini? Juu ya hewa?"

Watu wakaangua kicheko. Karani akagonga meza. "Chifu hayumo kwenye kesi! Jibu unachoulizwa!" Na Okeugo akatazama nje ya dirisha, mtu mzima na mvi zake, mtoto wa Ahudiya, akajitia hamnazo. Sitamsamehe. Wengine hawakujua. Yeye alijua.

Nwankpa akaitwa. Masikini Nwankpa, siku ile hakuwa na mzaha hata mmoja. "Bwana, mimi sikutoa mahari. Hata kuku sikutoa. Mtoto si wangu."

"Lakini ulimzaa?"

"Nilimzaa, ndiyo."

"Ulimwoa mama yake?"

"Sikumwoa."

"Nani alimwoa?"

"Huyu hapa," akasema Nwankpa, akaninyooshea mkono.

Mzungu akajifuta uso kwa kitambaa. Akazungumza na karani kwa muda mrefu. Kisha karani akasema, "Bwana anasema hivi. Kama Nwankpa ni mume, mtoto ni wa Nwankpa na boma si lake. Kama Nwankpa si mume, basi mtoto ni mwanaharamu, hana baba, na boma si lake vilevile. Anataka ujue kwamba hapendi kumwita mtoto mwanaharamu. Chagua wewe."

"Nichague? Hayo yote mawili ni ya kwake! La kwangu liko wapi?"

Karani hakulitafsiri hilo. Nilimwona. Alifunga mdomo tu.

Na yule mzungu hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mbaya ningemlaani nikalala. Alikuwa anataka kuelewa kweli, unamwona anakunja uso anatafuta, lakini anatafuta ndani ya kitabu chake, na humo sikuwamo. Mwishowe akauliza kama mtoto yupo. Akasema mtoto hana sababu ya kudanganya. Ataulizwa mwenyewe, na atakalosema ndilo litakaloandikwa.

Mimi, mpumbavu, nikafurahi. Nilimshika Udumma mkono nikamminya. Kila jioni kwa miaka miwili nilimuuliza swali hilohilo, naye hakukosea. Nikamwambia Obiechina, "Nenda, mwanangu. Mwambie Bwana wewe nani. Sema kwa sauti."

Akaenda. Alikuwa amevaa shati la shule kwa sababu ndilo shati zuri alilokuwa nalo, mimi ndiye niliyemvalisha. Akafika mbele ya meza. Akamwona mzungu na daftari limefunguliwa, kama kasisi siku za ukaguzi. Akamwona Mwalimu Lazaro amesimama pembeni, mikono nyuma. Nikaona visigino vyake vinakutana. Nikaona mikono inanyooka ubavuni. Nilitaka kumwita, karani akaniwahi.

"Jina lako?"

"Josia Nwankpa, bwana!"

Alilitoa kwa nguvu mpaka waliokuwa nje wakageuka.

"Baba yako ni nani?"

"Nwankpa, bwana!"

Udumma akatoa sauti ndogo, kisha akajifunika mdomo kwa kitambaa chake. Lazaro akatazama viatu vyake. Hakutabasamu, hilo nakiri. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akachovya kalamu, akaandika, na nikasikia kalamu inavyokwaruza.

Obiechina alibaki wima palepale mpaka karani alipomwambia aondoke. Akageuka, akanitafuta katikati ya watu, akaja kwangu karibu mbio. Uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha. Alikuwa ameongea na mzungu mbele ya kijiji kizima, hakubabaika, hakukosea, hakuchapwa. Nilikuwa na matusi ya Lazaro, na ya Okeugo, na ya karani, na ya mzungu na kitabu chake; nilikuwa nimeshayapanga, nikayaacha yote.

"Nimejibu vizuri?" akaniuliza.

"Umejibu vizuri sana, mwanangu," nikamwambia.